Lita Moja Hadi Matema

Ukishuka kutoka Tukuyu, chai na baridi vinabaki mlimani, joto linapanda, na ardhi inalala tambarare mpaka Ziwa Nyasa. Hapo ndipo Bondeni, wilaya ya Kyela. Utambarare huo ndio uliofanya baiskeli ipate makao Kyela mapema. Kule Rungwe mwenye baiskeli huisukuma nusu ya safari. Huku chini iliwabeba baba na mama, na gunia la mpunga juu ya karia.

Kabla ya hapo watu walitembea, au walipita ziwani kwa mtumbwi. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, walioishi na Wanyakyusa, wenyeji wa huku, miaka ya 1930, waliwakuta vijana wakienda kuchimba dhahabu Lupa, Chunya, kisha wakirudi kulima. Wengine walifika hadi kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia Kaskazini. Mshahara ulileta fedha taslimu Bondeni, na kwa fedha hizo mtu aliweza kununua chombo chake mwenyewe, asingoje gari la mtu.

Pikipiki ilikawia. Kwa miaka mingi ilikuwa ya padri, ya bwana shamba, ya mganga wa zahanati. Kisha ikaja shida ya mafuta baada ya Vita vya Kagera, hata serikali ikazuia magari binafsi kutembea Jumapili mchana. Siku hizo aliyekuwa na baiskeli nzima hakumwonea wivu mwenye injini.

Mambo yaligeuka miaka ya 2000, pikipiki za India na China zilipoingia nchini kwa bei ambayo mkulima wa kakao au mpunga angeweza kuifikiria. Zikaanza kubeba abiria, zikaitwa bodaboda. Jina hilo lilitoka Busia, kwa waendesha baiskeli waliovusha watu mpaka wa Kenya na Uganda. Bondeni nayo ina mpaka wake, Kasumulu, na ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, baiskeli ya abiria huitwa kabaza. Kwa hiyo kazi yenyewe haikuwa ngeni hapa. Kanuni za mwaka 2010 ziliipa pikipiki ya abiria leseni yake, na vijiwe vikazidi kuota.

Tazama meza ya muuza mafuta kando ya njia ya kijijini. Chupa za maji ya kunywa zimepangwa, zimejaa petroli ya rangi ya chai nyepesi. Dereva ananunua moja, anaimimina kwa faneli iliyokatwa kwenye chupa nyingine, kisha anaitingisha mpaka tone la mwisho lidondoke. Halipotezi, kwa sababu jioni kuna hesabu ya tajiri mwenye pikipiki, na kinachobaki baada ya hesabu ndicho cha nyumbani. Abiria huona nauli tu. Urahisi wake umelipiwa na uangalifu wa kijana huyu, nami namheshimu kwa hilo.

Injini ya sentimita za ujazo 125 ikitunzwa vizuri huenda kilomita 40 na zaidi kwa lita moja. Barabara ya Kikusya–Ipinda–Matema, kilomita 39 hivi, sasa ina lami. Lita moja, basi, inamfikisha mtu ufukweni Matema. Lakini lita hiyo imesafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam na kuvuka milima ya Uporoto, ndiyo maana orodha ya kila mwezi ya EWURA, mdhibiti wa nishati, huipangia Kyela bei ya juu kuliko ya pwani.

Kigali pikipiki za umeme zilianza kubeba abiria mwaka 2019, dereva akibadilisha betri kituoni badala ya kujaza tangi. Kwenye tambarare kama hii, ambako betri haichoshwi na vilima, ningependa sana kuziona. Kwanza vituo viwepo Ipinda na Ngonga, si mjini tu. Na masika, mito ya Kiwira na Mbaka inapofurika, dereva bado atashuka, abiria atavua viatu, na wote wawili wataisukuma pikipiki kwenye tope hadi njia inapokauka.