Pasta ya Nyirinyiri

Hapa Kinna, usishangae ukiletewa pasta mchana badala ya ugali. Waitaliano hawakututawala sisi. Waliitawala Somalia hadi 1941. Kisomali hakina sauti ya P, kwa hivyo pasta ikawa baasto, ikavuka mpaka na wafanyabiashara.

Juu yake nyumbani tunamwaga nyirinyiri: nyama iliyokatwa vipande vyembamba, ikaanikwa, ikakaangwa hadi ikauke kabisa. Hiyo ni akili ya wafugaji, nyama kukaa miezi bila friji.

Shida ni kwamba vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, viliwamaliza mifugo Waborana wengi wa Isiolo. Pasta iko kila duka. Nyirinyiri inataka mnyama. Ukipakuliwa vyote viwili, jua umeheshimiwa sana.