Rubani wa Golbanti Angesomea Wapi?

Ukipekua historia ya Golbanti, utaletewa makaburi kwanza. Mwaka 1886 mmishonari John Houghton na mkewe Annie waliuawa hapo Wamaasai walipovamia misheni ya Kimethodisti, na waumini kadhaa wakafa pamoja nao. Wageni wakifika wanaulizia hilo tu. Mimi naulizia kitu kingine: kijana wa hapa, kando ya Mto Tana, angesomea wapi urubani?

Tuanze na enzi ya babu zetu. Mwaka 1929, Florence Kerr Wilson, mjane wa kizungu mwenye hela, alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi. Ule uwanja wa Wilson, njia ya Lang'ata, umebeba jina lake. Kisha kuna Beryl Markham, aliyekulia Njoro, akawa rubani wa kulipwa: anabeba barua, anawatafutia wawindaji ndovu kutoka angani. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake, kutoka Uingereza mpaka Kanada, injini ikazima na akaangukia kwenye matope. Mimi Beryl namkubali kabisa. Lakini aliingia kwenye fani hiyo kwa sababu ndege zilikuwa za majirani na marafiki zake. Babu yangu hakuwa na rafiki mwenye ndege. East African Airways ilipoanza mwaka 1946, kiti cha rubani kiliendelea kuwa cha Mzungu kwa miaka mingi.

Halafu ikaja Soroti. Hapa ndipo huwa nasimama.

Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua chuo cha urubani mjini Soroti, mashariki mwa Uganda, kufundisha marubani na mafundi wa ndege wa Kenya, Tanzania na Uganda. Yaani mataifa matatu yalikubaliana kwamba rubani ni mtu wa kufundishwa na umma, kama vile mwalimu au daktari. Sisemi milango ilikuwa wazi kwa kila mtu. Mtoto wa Golbanti bado angehitaji sekondari nzuri ya hisabati na fizikia, na huku kwetu hiyo ilikuwa shida tosha. Ila angalau kilikuwepo chuo kisichoanza kwa kukuuliza baba yako ana nini.

Haikudumu. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, East African Airways ikafa, Kenya ikaanzisha Kenya Airways yake. Soroti ikabaki mikononi mwa Uganda. Tukisimuliwa kuvunjika kwa Jumuiya tunasikia habari za reli, bandari na ugomvi wa marais. Chuo hiki hakitajwi sana, nami naona ndicho tulichopoteza zaidi.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu alimaliza fomu foo akatangaza anataka urubani. Wenzake wakamcheka: "Rubani wa mtumbwi?" Babake hakucheka. Alianza kuhesabu ng'ombe. Akanipigia: "Shemeji, wewe uko Nairobi, hebu niulizie, saa moja ya kurusha ndege ni ng'ombe wangapi?" Nilizunguka vyuo kadhaa pale Wilson. Kote bei inatajwa kwa saa, na jumla inafika mamilioni. Nilimwambia asipeleke hata ndama mnadani Garsen kabla kijana hajapimwa macho na moyo na daktari wa anga, maana ukianguka hapo, ada yote uliyolipa ni bure.

Hesabu yenyewe ni hii. Leseni ya kibinafsi inataka saa 40 hivi. Ya biashara, saa 200, au 150 kwa kozi maalum. Ukitaka kuwa nahodha wa ndege kubwa za abiria, 1,500. Irene Koki Mutungi, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza mwanamke kuwa nahodha wa Boeing 787, alianzia Wilson na kumalizia Oklahoma, Marekani. Babake alikuwa rubani. Anastahili kila sifa aliyopewa, na bado hiyo ni njia ya nyumba iliyoijua kazi kabla yake.

Zile saa 200 za mwanzo, familia inaweza kuuza zizi zima ikazilipa. Kutoka 200 mpaka 1,500 unahitaji mtu wa kukuajiri na leseni yako ikiwa bado changa, na hapo ng'ombe hawana la kusaidia.