Kikapu cha Mama ni Shule ya Kwanza

Sisi tukaao Chimala, chini ya milima ya Kipengere, twaijua barabara iendayo Iringa. Huko wanawake wa Kihehe na Kibena husuka vikapu vya milulu, nyasi iotayo penye maji, na nyingine huitia rangi ili kufanya mapambo. Wengi wetu husifu uzuri wake tu. Lakini kikapu humfundisha pia mtoto kujua mahali pa vitu.

Mtazameni mama asukapo, na binti yake kando. Huanza katikati ya kitako, huzunguka akienda nje kidogo kidogo, kisha hupandisha ubavu. Mtoto hujifunza juu na chini, ndani na nje, kulia na kushoto. Pambo lataka hesabu: akikosea mlulu mmoja, ncha zake hazikutani, naye hana budi kufumua. Hivyo jicho hujua umbo na umbali kabla mkono haujashika kalamu.

Shule zilipokuja, elimu hiyo iliachwa mlangoni. Mwaka wa 1925 serikali ya Uingereza ilitoa waraka uliosema kwamba elimu ya Afrika ihifadhi yaliyo mema katika mila za wenyeji. Mwaka wa 1928 shule ya serikali ilifunguliwa Malangali, upande wa Iringa, na mkuu wake, Bwana Bryant Mumford, akawaita wazee wafundishe mila na ngoma. Lakini ilikuwa shule ya wavulana. Hekima ya akina mama ilibaki nyumbani. Tena Waafrika wengi walishuku mipango ya namna hiyo, wakiona ni njia ya kuwanyima elimu ya vitabu. Walikuwa na haki kuogopa, maana kikapu peke yake hakiandiki barua.

Baadaye, huko Msumbiji, mwalimu Paulus Gerdes (1952–2014) alionyesha ya kuwa ndani ya mapambo ya wasukaji mna hesabu na elimu ya maumbo, zifaazo kufundishwa darasani. Kumbe kikapu na kitabu si maadui.

Basi, walimu na wazazi, mpeni mtoto mdogo kikapu, mkamwulize: Katikati ni wapi? Pambo lageukia upande gani? Kisha alichore mchangani, ndipo ajifunze herufi. Kwa maana asiyejua kulia na kushoto atazitofautishaje b na d?

Kitabu cha Kutoka chatuambia ya kuwa Mungu alimjaza Bezaleli hekima ya kubuni na kufuma. Tusiidharau hekima hiyo tuionapo mikononi mwa mama zetu.