Wafiwa Walipogeuka Wawa

Mwaka jana nilipewa kazi ya kuandaa kijitabu cha mazishi. Huwa naandika maandishi matupu, alama za nyota na reli hapa na pale, kisha Pandoc inayapitisha kwa LaTeX na kutoa PDF. Kilitoka safi. Binti wa marehemu akanakili kurasa mbili, akazituma WhatsApp kwa jamaa walio mbali. Huko "wafiwa" wakawa "wawa", "marafiki" wakawa "maraki". Nililipwa nusu, na sikubisha.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo nimezoea kujichimbia mambo mwenyewe. Kumbe kisa hiki ni cha kale kuliko kompyuta. Enzi za herufi za risasi, kila herufi ilikuwa na kipande chake cha chuma. Kichwa cha f kiliinama mbele, kikaning'inia nje ya kipande. Ikifuatwa na i, kichwa kinagonga kitone, na kinaweza kuvunjika. Mafundi wakasubu f na i pamoja, kipande kimoja. Gutenberg, aliyechapa Biblia kule Mainz miaka ya 1450, alikuwa na maumbo mengi ya kuunganishwa, ila yeye alikuwa anaiga mwandiko wa makarani. (Wazee wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wasingeshangaa: lamu ikikutana na alifu, zinakuwa umbo moja.)

Mwaka 1977 Donald Knuth aliona kurasa za majaribio za kitabu chake zikiwa zimepangwa vibaya, akachukia, akaanza kutunga TeX. Programu hiyo ikiona f na i zimefuatana, inaweka umbo moja yenyewe, bila kukuuliza. Lakini Knuth alikuwa anawaza karatasi. PDF ya Adobe, iliyotoka 1993, nayo huhifadhi maumbo na mahali yanapokaa. Ili simu ijue kwamba umbo fulani ni f na i, faili inahitaji jedwali la kutafsiri. Jedwali likikosekana, jicho linasoma vizuri tu, lakini ukinakili herufi zinaweza kupotea. Wakati mwingine unapata alama moja ya Yunikodi, FB01, halafu ukitafuta "rafiki" unaambiwa hayupo.

Na sisi tunaumia sana, manake kwa Kiswahili karibu kila f hufuatwa na irabu, na irabu zenyewe ni tano tu. Fikira, hifadhi, afisa. Hata neno "herufi" lenyewe!

Dawa ilikuwa fupi mpaka nikaona aibu: nilimwambia Pandoc atumie LuaLaTeX, ambayo huandika jedwali hilo yenyewe. Nikanakili ukurasa wa kwanza kwa simu yangu. Wafiwa walikuwepo wote.

Nilimtumia yule binti faili jipya, sikutaja ile nusu. Alijibu siku ya tatu: mazishi yalishapita, lakini atalihifadhi.