Moshi Usiowekwa Karantini

Malale, mafua makuu ya 1918, surua, Ebola, korona: nchi iliyo chini ya Ruwenzori, mashariki ya Kongo, kuanzia Kasindi mpakani hadi Beni na kupanda mpaka Butembo, imeyaona yote. Kila ugonjwa ulifunga kitu, mara soko, mara shule, mara mpaka. Tumbaku ilipata njia kila mara. Historia yake na historia ya magonjwa hayo zimepita barabara moja, na sisi tumezoea kuisimulia moja tu.

Mmea wenyewe ulitoka Amerika, ukavuka Atlantiki baada ya safari za Wareno na Wahispania. Ukafika Maziwa Makuu na kuenea kiasi kwamba leo wanaakiolojia wakichimbua kiko cha udongo wanajua tabaka hilo la ardhi ni la baada ya kuja kwa tumbaku. Karne ya 19 ilipofika ilikuwa ikilimwa nyuma ya nyumba, ikivutwa na wazee na kubadilishwa kwa bidhaa nyingine, katika nchi ambayo tayari ilikuwa na wafanyabiashara hodari wa chumvi ya Ziwa Katwe.

Kwingineko ilikuwa imeshapewa heshima ya dawa. Tarehe 7 Juni 1665, tauni ikiwa imeingia London, mwandishi wa shajara Samuel Pepys aliona milango iliyotiwa msalaba mwekundu, akashtuka, akanunua tumbaku ya kunusa na kutafuna ili ajikinge. Kabla ya kuziona takwimu zozote, mtu aliyejaa hofu hushika chochote anachoambiwa kinasaidia. Wauza tumbaku wamelijua hilo kwa zaidi ya miaka mia tatu.

Sigara za kiwandani zilitufikia kutoka mashariki. British American Tobacco iliundwa 1902, ikafika Mombasa 1907, na 1928 ikawa na kiwanda Jinja, Uganda. Katikati ya miaka hiyo ilipita Vita Kuu, iliyowafanya mamilioni ya askari duniani kuzoea sigara, kisha yakaja mafua ya 1918. Ugonjwa ule uliingia Mombasa kwa meli, ukapanda bara na reli. Bidhaa za dukani zilipanda kwa reli hiyo hiyo. Ulaya nako walikuwapo walioamini kwamba moshi wa sigara huua vijidudu vya mafua, na hakukuwa na kampuni iliyokuwa na haraka ya kuwasahihisha.

Kwetu, biashara iliota mizizi kwa sababu Butembo ni mji wa wafanyabiashara kuliko mji wa serikali. Wanande, kabila kubwa la mji huo, waliunganisha Mombasa, Kampala na Kasindi, baadaye Dubai na Uchina, hata pale ambapo Kinshasa haikuwa na mkono. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, chini ya kundi la waasi la RCD-ML la Mbusa Nyamwisi, matajiri wa mji walilipa ushuru wa forodha kabla mzigo haujafika, nao wakapunguziwa. Vita vilizima umeme, vikaharibu barabara, lakini pakiti ya sigara ni nyepesi, haiozi haraka na ina mnunuzi kila kijiji, akiwemo mwenye bunduki. Agosti 2017 gazeti la The Guardian la Uingereza lilieleza, kwa nyaraka, jinsi sigara za British American Tobacco zilivyoendelea kusambazwa katika maeneo ya vita, mashariki ya Kongo yakiwemo. Kampuni ilikanusha kutenda kosa.

Halafu ikaja Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, na ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470. Barabarani kulikuwa na vizuizi vya afya: unashuka kwenye pikipiki, unanawa kwa maji ya klori, unapimwa joto la mwili, unaendelea. Kusalimiana kwa mkono kuliachwa. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na Aprili mwaka ule Dakta Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo akiwa kazini. Tuliombolezea watu wengi mno, na simlaumu yeyote kwa kutofikiria sigara siku zile.

Lakini tazama kile kilichokuwa kinaendelea kando ya ndoo ile ya klori. Mchuuzi amepanga pipi, vocha za simu na sigara kwenye kimeza. Anauza moja moja, maana wanunuzi wake hawana pesa ya pakiti. Mtu anawasha, anavuta mara tatu, anampa mwenzake, naye anampa wa tatu. Ni mate yanayotoka mdomo mmoja kwenda mwingine, hatua chache kutoka kwa mhudumu aliyekataza kushikana mikono. Hata mpakani barabara ilikuwa moja: Juni 2019 familia iliyokuwa na Ebola ilivuka kuingia Kasese, Uganda, kwa njia ya panya, ikikwepa ukaguzi wa kituo cha mpaka cha Mpondwe. Wasafirishaji wa magendo ndio waliozikanyaga njia hizo kwa miaka mingi.

Korona ilithibitishwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, Ebola ikiwa bado haijaondoka kwetu. Siku chache baadaye Uganda ilifunga mipaka kwa watu na kuacha malori ya mizigo yapite. Maana yake pale Mpondwe ilikuwa wazi: mama wa Kasindi aliyezoea kuvuka na karai la ndizi alizuiwa, na katoni za sigara zikapita. Hapo ndipo ninapopata uchungu. Kenya iliziorodhesha bidhaa za tumbaku kati ya bidhaa muhimu, mashirika ya kupinga tumbaku yakalalamika. Afrika Kusini ilifanya kinyume, ikapiga marufuku kuuza sigara kuanzia 27 Machi hadi 17 Agosti 2020. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walikuta kwamba zaidi ya wavutaji 9 kati ya 10 walioendelea kuvuta walizipata tu, kwa bei ya juu sana, kutoka kwa wauzaji wa magendo. Marufuku ya ghafla bila forodha yenye nguvu iliwapa wauza magendo soko zima. Anayeijua Kasindi hashangai.

Kampuni zenyewe hazikuyumba sana. Mauzo ya British American Tobacco ya 2020 yalifikia kama pauni bilioni 25.8, karibu sawa na mwaka uliotangulia. Aprili mwaka huo ilitangaza kwamba kampuni yake ya Kentucky inatengeneza chanjo kwa majani ya tumbaku. Paris nako watafiti walitoa dhana kwamba nikotini huenda ikakinga, hadi serikali ya Ufaransa ikalazimika kudhibiti mauzo ya vibandiko vya nikotini. Pepys angeielewa hofu hiyo. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema wavutaji wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua korona vibaya. Philip Morris ilikuwa na hisa katika Medicago ya Kanada, iliyotengeneza chanjo kwa mmea wa jamii ya tumbaku. Shirika la Afya Duniani liliikataa chanjo hiyo kwa sababu ya uhusiano huo, na Medicago ikafungwa 2023.

Tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kwa mwaka duniani, polepole, bila ndoo za klori barabarani. Surua nayo iliua watoto wengi kuliko Ebola kote Kongo katika miaka ile ile, huku macho ya dunia yakiwa Beni. Kongo iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku 2005, na sheria ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018, iliyotiwa saini mlipuko ukiwa umepamba moto kwetu, ina vifungu juu ya tumbaku. Kilichobaki Beni na Butembo kutokana na miaka ile ni wahudumu wa jamii waliozoea kugonga kila mlango, kuuliza juu ya homa na mazishi, na kusikilizwa. Daftari zao zina nafasi ya swali lingine: nani humu ndani anavuta, na tangu lini.