Kufumba na kufumbua

Kiswahili kimejua kufumba tangu zamani: macho hufumbwa, kiganja hufumbwa, na maneno hufumbwa ili aliyekusudiwa ayafumbue na wengine yawapite. Siku hizi hata ujumbe wa simu hufumbwa. Wataalamu wengine husema usimbaji fiche. Sawa, ila mimi nabaki na kufumba, maana kufumbua kumo humo humo.

Tofauti iko kwenye ufunguo. Fumbo la barazani hufumbuliwa na yeyote mwerevu. La simu hutaka ufunguo: ukifungua anwani inayoanza na https, simu yako na seva ya tovuti hukubaliana siri mpya, ambayo ndiyo ufunguo huo, palepale, hadharani, bila siri yenyewe kupita njiani. Hila hiyo watafiti Diffie na Hellman waliichapisha mwaka 1976. Mwenye Wi-Fi ya mgahawa anaweza kujua umeingia tovuti gani. Nywila yako haioni.

Lakini tapeli naye hufumba tovuti yake. Watu walidhani kufuli lile dogo la kando ya anwani ni cheti cha uaminifu, na mwaka 2023 kivinjari cha Chrome kikaliondoa kwenye kisanduku cha anwani. Kabla hujaandika namba ya siri, soma jina la tovuti herufi kwa herufi.