Je, mshambuliaji wa bei kubwa anailipa klabu?

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, wasikilizaji hutuuliza swali lilelile: klabu imwage fedha kwa mfungaji, au ianzie kwingine? Tutazame misimu minne ya Ligi Kuu Tanzania Bara.

2021/22: Yanga walimleta Fiston Mayele kutoka AS Vita ya Kinshasa. Alifunga mabao 16, timu ikatwaa ubingwa bila kupoteza mchezo. Hata hivyo, mfungaji bora alikuwa George Mpole wa Geita Gold, mabao 17.

2022/23: Mayele alifunga 17, sawa na Saido Ntibazonkiza wa Simba. Katika Kombe la Shirikisho Afrika alipachika 7, Yanga wakafika fainali. Hapo fedha ilirudi, maana mechi za mtoano zina nafasi chache, na anayezitumia ndiye anayeivusha timu.

2023/24: Mayele aliuzwa Pyramids ya Misri. Yanga hawakuyumba. Walitetea ubingwa, na kiungo wao Stephane Aziz Ki akawa mfungaji bora kwa mabao 21. Aliyemfuata, Feisal Salum wa Azam ya Chamazi, Temeke, alifunga 19. Naye ni kiungo.

2024/25: Kiungo tena, Jean Charles Ahoua wa Simba, aliongoza kwa mabao 16. Ubingwa ulibaki Yanga, ambako Clement Mzize, zao la timu yao ya vijana, alifunga 14.

Tunajifunza nini?

Kwenye ligi ndefu, mabao huletwa na timu inayotengeneza nafasi. Mfungaji ghali awe tofali la mwisho, si msingi. Kwa klabu ndogo hatari ni kubwa zaidi: usajili mmoja wa kifahari unaweza kuchelewesha mishahara ya kikosi kizima, na goti likiumia, fedha imekwenda.

Pia wafungaji hukuzwa. Mbwana Samatta alikulia Mbagala, akapitia African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011, kisha Genk ya Ubelgiji. Januari 2020 alijiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Kwa hiyo msikilizaji, ukisikia klabu yako imesajili mfungaji wa mamilioni, usiulize bei tu. Uliza nani atampa pasi.